Askari wa Miguu katika Nyanda za Njombe, 1916

Msafiri atokaye Iringa kwenda kusini hufika Makambako, na hapo njia hugawanyika: moja hushika magharibi kwenda Mbeya, na nyingine hupanda kwenda Njombe na Songea. Upepo wa mahali hapo hauna haya. Hupiga mchana na usiku, na mgeni asiyejifunga nguo nzito hujuta. Watu hushuka garini kununua viazi na mahindi, kisha huendelea na safari zao. Ni wachache wakumbukao ya kuwa kandokando ya njia hizo, kati ya Julai na Novemba 1916, majeshi mawili ya askari wa miguu yalitafutana, yakapigana, yakala ghala za nchi, na kuacha makaburi ambayo mengi hayana alama. Malangali iko upande wa kaskazini ya Makambako, Ilembule magharibi, Lupembe mashariki ya Njombe. Majina haya matatu yatatosha kuwa nguzo za insha hii.

Vitabu huviita vita hivyo Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, navyo husimuliwa kama ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani uliopata uwanja katika Afrika. Msemo huo ni kweli kwa habari ya wakubwa waliotoa amri. Lakini tukishuka kutoka kwa mwenye amri mpaka kwa mwenye bunduki, sura ya mambo hubadilika. Mwenye bunduki alikuwa Mwafrika, na aliyelengwa na bunduki ile, mara nyingi, alikuwa Mwafrika pia. Basi nataka kuonyesha ya kuwa kwa askari wa miguu, na kwa wenyeji walioishi kati ya majeshi hayo, vita vya 1916 vilikuwa karibu sana na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na ya kuwa tusipovitazama kwa jicho hilo hatutawaelewa waliopigana wala walioumia.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe huwa kati ya raia wa dola moja, na hapa zilikuwapo dola mbili na mpaka kati yao. Pingamizi hilo lina haki ya kujibiwa. Mpaka uliozitenga nchi za Wajerumani na za Waingereza upande wa Nyasa uliandikwa katika mapatano ya Julai 1890. Mwaka 1916 ulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Shaushi mwenye mvi wa jeshi la Kijerumani, na sajini mwenzake wa upande wa pili, walikuwa wakubwa kwa umri kuliko mpaka walioulinda. Wayao waliishi huku na huku. Wangoni waliishi huku na huku. Watu wa mto Songwe walikuwa na shamba upande mmoja na mjomba upande wa pili. Serikali mbili zilipoandika askari, kila moja ilichota katika mtungi uliokuwa karibu nayo, na mitungi yote miwili ilikuwa imejazwa katika kisima kimoja.

Tena majeshi yenyewe yalikuwa na asili moja. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandika Wasudani huko Cairo, watu waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, akawaleta pwani kupigana na Abushiri. Hao ndio mizizi ya jeshi la Kijerumani la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua Wasudani wa Selim Bey, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, akawapeleka Uganda. Na vikosi vya Uganda viliingia katika jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, lilipoundwa mwaka 1902. Ndiyo sababu vyeo vya Kituruki na Kimisri vilisikika katika kambi za Wajerumani, ombasha, shaushi na sol, na neno efendi likajulikana katika majeshi yote mawili. Watoto wa baba mmoja waligawanywa kwa mabwana wawili, nao wakakutana tena katika nyasi za Ubena, kila mmoja ameshika bunduki.

Kabla ya kuwaeleza wakipigana, yatupasa kukumbuka nchi waliyoikuta. Ubena ulikuwa bado na jeraha. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipopanda kutoka bondeni, Wabena wengi waliinuka, na tarehe 19 Septemba mwaka huo wakaishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Walishindwa na bunduki. Na katika vita hivyo nako Mwafrika alisimama mbele ya Mwafrika: Wahehe wengi na Wasangu walikuwa upande wa serikali, na rugaruga walikwenda pamoja na askari kuteketeza nyumba na kuchukua mifugo na nafaka. Baada ya risasi ilikuja njaa, nayo iliua watu wengi kupita risasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika nchi zote zilizoasi kuwa 75,000. Wataalamu wa baadaye wamefikiri ya kuwa huenda walizidi 250,000. Kwa hiyo mtoto wa Kibena aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1905 alikuwa mtu mzima mwaka 1916, na neno askari lilikuwa na maana moja masikioni mwake. Hakuwa na haja ya kuuliza askari huyu ni wa nani.

Mambo ya 1916 yalikwenda hivi. Mwishoni mwa Mei, Jenerali Edward Northey alivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Alikuwa na batalioni ya kwanza ya KAR, askari polisi wa Rhodesia, na Wazungu wa Afrika ya Kusini. Alitwaa Tukuyu, akapanda nyanda za juu, na katikati ya mwaka Njombe ilikuwa mkononi mwake. Tarehe 24 Julai alipigana na Wajerumani huko Malangali, akawashinda. Tarehe 29 Agosti akaingia Iringa. Ilionekana kama kwamba kazi imekwisha. Lakini tarehe 19 Septemba Wabelgiji walitwaa Tabora, na Jenerali Kurt Wahle, aliyekuwa akiilinda, akageuza uso kusini-mashariki, akitaka kuungana na wenzake wa upande wa Mahenge. Safari hiyo ilipita kilometa 400, nayo ilikata njia za Northey katikati. Mwezi wa Novemba makundi ya Wahle yalikuwa katika Ubena. Moja lilishambulia Lupembe kwa siku kadhaa. Askari wa KAR waliokuwa ndani, wengi wao wapya katika kazi, hawakuiacha boma. Kundi jingine, la Hübner, lilizingirwa Ilembule, na tarehe 26 Novemba likaweka silaha chini: askari karibu 250, na Wazungu zaidi ya 50.

Je, watu hawa walipiganaje? Msomaji aliyezoea picha za mahandaki ya Ufaransa hana budi kuzisahau. Kombania ya Kijerumani ilikuwa jeshi dogo lililojitosheleza: askari 160 au 200, Wazungu wachache, na rashasha mbili au zaidi ambazo askari waliziita bombom kwa sauti yake. Ilikwenda yenyewe, ikajificha yenyewe, ikapiga na kuondoka. Katika majani marefu na makorongo adui hakuonekana mpaka awe karibu. Kwa hiyo mapigano yalianza kwa ghafula, yakawa makali kwa saa chache, kisha upande mmoja ukazunguka ubavu wa mwenzake, na mwenye ubavu ulioshikwa akarudi nyuma mpaka mlima wa pili. Mwenye rashasha alikuwa mtu wa kwanza kutafutwa na risasi za adui. Akianguka, mwingine aliishika. Na katika vita hivi rashasha zilitekwa na kutekwa tena, zikawatapikia moto wale waliozileta.

Silaha hazikuwa sawa. Kombania nyingi za Kijerumani zilianza vita na bunduki za namna ya 1871, zilizotumia baruti ya zamani. Kila risasi ilitoa wingu la moshi mweupe juu ya kichwa cha aliyepiga, na wingu lile likawa kama kidole cha kumwonyesha kwa adui. Askari wa KAR alikuwa na bunduki isiyo na moshi. Ndiyo maana askari wa Kijerumani alipomteka mwenzake, aliitazama bunduki yake kabla ya kutazama uso wake. Kwa upande wa pili, askari wa Kijerumani wa zamani alikuwa amefunzwa kwa miaka mingi, na alijua kungoja. Kuruta wa KAR, aliyeandikwa juzi, alijifunza kungoja kwa kuona mwenzake aliyeharakisha ameanguka.

Hata hivyo saa za kupigana zilikuwa chache. Siku nyingi za askari wa miguu zilikuwa za kutembea, kulinda, kuchimba, kutafuta kuni na kungoja unga. Hapa ndipo maisha yao yalipofanana zaidi, na hapa pia ndipo tofauti kubwa ilipoonekana.

Yalifanana kwa chakula. Pande zote mbili zilikula ugali wa mahindi, wa ulezi au wa mtama, na maharage yakipatikana. Nyama ilikuwa bahati. Yalifanana kwa baridi. Njombe iko juu karibu meta 2,000, na kati ya Juni na Agosti umande huganda majanini. Mtu wa Tabora au wa kando ya Ziwa Nyasa, aliyelala chini na blanketi moja jembamba, aliamka na kifua kizito. Homa ya mapafu, kuhara damu, malaria waliyopanda nayo kutoka bondeni na funza miguuni viliwaangusha wengi kuliko risasi. Askari wengi wa KAR walikwenda miguu mitupu. Wa Kijerumani walikuwa wametoka nyumbani na viatu, lakini kadiri vita vilivyoendelea viatu vilikwisha, wakajishonea ngozi. Na yalifanana kwa adhabu. Kiboko kilitembea katika kambi zote mbili. Kwa Wajerumani hesabu ya fimbo ishirini na tano ilikuwa maarufu hata ikawa neno, hamsa ishirini, ambalo lilisahauliwa kwa taabu na wale waliolionja.

Tofauti ilikuwa katika nyumba ya askari. Askari wa Kijerumani wa kabla ya vita alikuwa mtu mkubwa. Mshahara wake ulianzia karibu rupia 20 kwa mwezi, fedha ambazo mkulima hakuziota. Alikuwa na mke, pengine wake, na kijana wa kumbebea vitu. Alikaa katika kijiji cha askari kando ya boma, na raia walimwamkia kwa kuinama. Vita vilipoanza, nyumba ile haikubaki nyuma. Wanawake waliandamana na kombania, wakatwanga, wakapika, wakazaa njiani. Kiini cha nguvu ya jeshi lile kilikuwa hapo kwa sehemu kubwa: mtu hatoroki kwa urahisi penye mke na wanawe. Lakini nguvu ile ilikuwa na upande wa pili. Kundi la Wahle lilipoondoka Tabora, askari walioiacha nyumba na jamaa nyuma walianza kupungua usiku hata usiku. Hawakuwa waoga, walikuwa wamepigana vizuri walipokuwa wakilinda mahali penye watu wao. Walipoambiwa waende mbali na watu hao kwa ajili ya bendera, waliona bendera haina uzito wa kutosha. Kwa askari wa KAR jambo lilikuwa kinyume. Alikuwa ameiacha nyumba yake Nyasaland, na faraja yake ilikuwa mshahara utakaomngojea na matumaini ya kurudi.

Sasa tuje kwa wale waliokuwa kati. Methali yetu yasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Ni methali njema, lakini kwa habari ya Njombe haitoshi. Kwani hapa nyasi zenyewe ndizo zilizobeba chakula cha tembo. Hapakuwa na reli karibu wala njia ya gari ya kutegemewa, na wanyama wa mizigo walikufa. Kila risasi na kila kibaba kilipita kichwani pa mtu. Chakula cha Northey kilivuka Ziwa Nyasa kwa meli, kisha kikapandishwa milimani na wapagazi, watengatenga kama walivyoitwa. Tufanye hesabu ndogo. Mpagazi hubeba kama kilo 25 na hula karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, yeye mwenyewe amekwisha kula kilo ishirini, na askari aliye mbele amepata tano. Basi ili kulisha kombania moja ilibidi kuhamisha vijiji vizima. Serikali ya Waingereza ilihesabu zaidi ya wapagazi 90,000 waliokufa katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na jina la kikosi chao. Ni idadi inayozidi sana askari waliokufa kwa risasi. Wajerumani nao walishika wapagazi, tena hawakuwa na meli wala ghala nyuma yao. Kundi la Wahle liliishi kwa nchi, yaani liliishi kwa Wabena.

Hapa majira ya mwaka yana maana kuliko tarehe za mapigano. Northey alifika nyanda za juu wakati wa mavuno, vihenge vikiwa vinajazwa. Wahle alifika Novemba, mvua zikianza, wakati ambapo nafaka iliyobaki nyumbani ni ya mbegu na ya kuvushia familia mpaka mazao mapya. Jeshi la kwanza lilikula mavuno. La pili lilikula mbegu. Vijana ambao wangeshika jembe walikuwa wamechukuliwa na upande huu au ule kubeba mizigo. Si ajabu basi kwamba miaka iliyofuata, 1917 mpaka 1919, ilikuwa ya ukame, njaa na homa ya mafua katika sehemu nyingi za nchi, na watu waliodhoofishwa na vita hawakuwa na akiba ya kupigana nayo.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo kwangu ni ushahidi wenye nguvu kuliko yote. Mwaka 1917 Waingereza, waliokuwa wakilipanua jeshi la KAR kwa haraka kutoka batalioni tatu za mwaka 1914 hata zikafika ishirini na mbili mwaka 1918, waliunda batalioni za KAR ya sita, na humo wakawaandika askari wengi wa Kijerumani waliotekwa. Mtu aliyekuwa akipiga risasi upande wa kusini akageuzwa kupiga upande wa kaskazini. Walibadili kofia na neno la amri. Vidole vilikuwa vilevile. Wanaopenda kusimulia habari ya askari mwaminifu aliyemfuata Lettow-Vorbeck mpaka siku ya mwisho hawalipendi jambo hili, wala hawalipendi wanaosema ya kuwa Mwafrika alipigania uhuru wa dunia chini ya bendera ya Uingereza. Mimi sioni ndani yake usaliti. Naona mtu mwenye ufundi mmoja tu, ufundi aliofundishwa na wageni, akitafuta bwana atakayemlisha yeye na nyumba yake katika nchi ambayo mwenye bunduki pekee ndiye aliyekuwa na hakika ya kula.

Vita vilirudi Ubena kwa mara ya mwisho mwezi wa Oktoba 1918. Lettow-Vorbeck alikuwa amevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akapita karibu na Njombe, hata katika misheni ileile ya Yakobi iliyoshambuliwa miaka kumi na mitatu kabla. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umeliingia jeshi lake. Wagonjwa waliachwa njiani, na pamoja nao Jenerali Wahle, mzee na mgonjwa, akatekwa. Tarehe 25 Novemba 1918 mabaki ya jeshi lile yaliweka silaha chini huko Abercorn. Askari walikuwa wakidai mishahara ya miaka. Iliwalazimu wangoje mpaka miaka ya 1960, ndipo serikali ya Ujerumani ya Magharibi ikawalipa wale wazee waliokuwa bado hai. Mbena ambaye mbegu yake ililiwa mwaka 1916 hakupangiwa foleni yoyote.

Katikati ya Dar es Salaam iko sanamu ya askari wa shaba, iliyosimamishwa mwaka 1927, ameinamia mbele na bunduki yake. Iliwekwa kwa kumbukumbu ya Waafrika waliotumikia upande wa Waingereza. Ni kazi nzuri ya mikono, wala sina neno juu yake. Lakini kila niipitapo hujiuliza ni nani aliye mbele ya bunduki ile, maana mchongaji hakumchonga. Kwa watu wa Lupembe na Ilembule jibu si gumu: alikuwa mtu aliyefanana naye, mwenye chakula kama chake na mgongo uliozoea kiboko kama wake.

Wanafunzi wetu husoma majina ya majenerali wa vita hivi na kuyasahau baada ya mtihani. Ningependa wapewe kazi nyingine. Waende Ubena, wakae na wazee ambao wazazi wao au babu zao waliwasimulia, na wasiulize nani alishinda. Waulize mwaka ule nyumba hii ilipanda nini, na mbegu ilitoka wapi. Majibu yatakuwa mafupi, na mengine yatakuwa yamechanganya vita vya Maji Maji na vya Wadachi na Waingereza. Mchanganyiko huo wasiukimbilie kuusahihisha. Aliyesimulia hivyo hakukosea sana: kwake vilikuwa vita vimoja vilivyokwenda na kurudi, na kila mara vilikuja na uso wa Mwafrika mwenye bunduki akiuliza ghala iko wapi.